Mkono wa Dukani Haujui Upepo

Kuna maneno ambayo kila mgeni wa gofu ya diski huambiwa kabla hajajifunza hata kuhesabu mitupo yake: "Pata ni hisia tu, chukua ile inayokukaa mkononi." Wauzaji huyasema, wakongwe huyasema, mabingwa wakihojiwa huyarudia, na karibu kila anayeyasema ana nia njema. Mimi nayapinga. Yamewala wachezaji fedha na misimu mizima, na ubaya wake mkubwa ni kwamba yanafunga mjadala. Ukishaambiwa jambo ni la hisia, huna tena cha kuuliza.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mambo ni haya. Sheria zake zimefuata zile za gofu, ila badala ya mpira na fimbo kuna diski za plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma chini ya minyororo inayoning'inia kuizunguka nguzo. Unatupa kutoka mwanzo wa njia, unaendelea pale diski ilipoangukia, mpaka itue kikapuni kwa mitupo michache kadiri uwezavyo. Draiva ni diski za masafa, zenye ukingo mpana uliochongoka ili ukate hewa. Pata ni diski ya kumalizia. Ukingo wake ni mnene na butu, mwendo wake wa taratibu, kipenyo chake kama sentimita 21. Uzito wake hauzidi sana gramu 175, kwa kuwa PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, kinaruhusu gramu 8.3 tu kwa kila sentimita ya kipenyo. Draiva unaweza kuikwepa kwenye njia fupi ukaitumia mara chache kwa siku. Pata huikwepi: kila njia, hata uianze kwa ustadi wa namna gani, inaishia kwenye minyororo.

Ndiyo maana uchaguzi wake haufai kuachiwa kiganja.

Jumamosi moja nilikuwa katika duka la diski kwenye kitongoji cha Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako sisi Waafrika Mashariki tuko wengi na ambako viwanja vya mchezo huu vimejaa bustanini. Kijana wa nyumbani alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliofunikwa diski juu hadi chini. Alichomoa moja, akaibonyeza katikati kwa dole gumba, akapitisha kidole chini ya ukingo, akafumba macho, akaunyoosha mkono kana kwamba anatupa, akatikisa kichwa na kuirudisha. Akachomoa nyingine, akafanya yale yale, safari hii akatabasamu.

"Mzee, nimeipata. Hii imenikaa."

"Vizuri, kijana wangu. Na upepo ukikujia usoni, inafanyaje?"

"Hilo sijui. Ila imenikaa."

Nikamwomba ashike tena ile aliyoirudisha. Alishtuka kuona maandishi yaliyokuwa juu yake: jina lilikuwa lile lile. Zote mbili zilikuwa umbo moja, la kampuni moja, gramu zinakaribiana. Tofauti ilikuwa plastiki. Moja ilikuwa ya plastiki ya kawaida, kavu, yenye kushika vidole. Ya pili ilikuwa ya plastiki ya bei ya juu, ngumu, inayong'aa na kuteleza. Mkono wake ulikuwa umeikataa diski na kuikubali diski hiyo hiyo ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo mafundisho ya hisia yanapovunjika, na sijamwona anayeyatetea akilijibu jambo hili. Kile mkono unachokipima dukani, kwa sehemu kubwa, ni ngozi ya plastiki: inateleza au inashika, inakunjika au haikunjiki. Lakini mruko wa diski hutokana zaidi na umbo: urefu wa kuba lake, kimo cha ukingo, unene wa pua yake, kama ina ule ukanda mdogo unaozunguka chini ya ukingo au haina. Shika maumbo mawili tofauti yaliyomwagwa kwenye plastiki moja, mkono utakuambia ni ndugu. Shika umbo moja katika plastiki mbili, mkono utakuambia hazijuani. Basi mchezaji anayechagua kwa hisia amechagua plastiki, akidhani amechagua diski, na umbo amelipata kwa bahati tu.

Tena hisia yenyewe haikai. Pata uliyoipenda Julai, mkono umekauka na jua linapasha plastiki, utaikuta Novemba asubuhi imekakamaa, haikunjiki, vidole vimekufa ganzi. Mvua ikinyesha, ile iliyoshika inateleza. Baada ya mwaka wa kugongwa na minyororo, ile iliyoteleza imekwaruzika na sasa inashika. Hata mkono wenyewe hubadilika kati ya njia ya kwanza na ya kumi na nane: unatoka jasho, unavimba kidogo, unachoka. Anayeamini kwamba hisia ndiyo msingi atasikia kila badiliko la hali ya hewa kama dalili kwamba pata yake imemkataa, naye atarudi kwenye ukuta ule kutafuta nyingine. Nawajua watu wenye sanduku zima la pata zisizofanana, kila moja ilikaa mkononi siku ya kununuliwa.

Mpini wa jembe haukai mkononi siku ya kwanza. Unakaa baada ya msimu wa kulima. Pata ni hivyo hivyo. Hisia ipo, ni kitu cha kweli, lakini ni tunda la kurudiarudia. Wanaotuambia tuanze nayo wametugeuzia mambo kichwa chini miguu juu.

Watetezi wake watasema: mbona mabingwa wenyewe wanasema ni hisia? Wanasema, ndiyo, na hawadanganyi. Bingwa akisema pata yake inamkaa, anazungumza kuhusu kitu alichokitupa maelfu kwa maelfu ya mara, na kiganja chake kimeshakuwa na kumbukumbu ya kila inchi ya ukingo ule. Kumchukulia maneno yake na kumpa mgeni aliyesimama dukani ni kumwambia aanzie pale bingwa alipofikia.

Tazama walichofanya, si walichosema. Paul McBeth alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2012 hadi 2015, akitupa diski za Innova. Mwisho wa 2018 aliiacha kampuni hiyo, akaenda Discraft, na mwaka 2019 akaanza kumalizia kwa pata mpya iitwayo Luna. Mkoba wote ulibadilika, na ile diski ambayo mafundisho haya yanasema ni sehemu ya mwili wa mchezaji ilibadilika pia. Mwaka huo huo wa 2019 alikuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tano. Kama mizizi ya umaliziaji ingekuwa katika hisia ya diski fulani, mwaka ule ungekuwa mwaka wa kilio. Alichohama nacho ni mtupo wake: namna mkono unavyotoka, vidole vinavyoachia, uzito unavyohamia mguu wa mbele. Diski mpya iliingia katika mtupo uliokwisha kukomaa, na kazi ikaivuta hisia mpaka ikaja.

Au rudi nyuma zaidi. Ed Headrick, aliyefanya kazi Wham-O, kampuni ya Frisbee, aliweka kozi ya kwanza ya kudumu Oak Grove, California, mwaka 1975, mwaka uliofuata akaanzisha PDGA, na ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo. Diski yenye ukingo uliochongwa kwa ajili ya mchezo huu haikuwapo hadi 1983, ilipotoka kwa Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa Innova. Kabla ya hapo watu walianza na kumaliza kwa diski za ukoo mmoja, zile butu. Walijifunza kumalizia, wakashindana, wakashinda, bila ukuta wa kuchagulia. Ken Climo, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 12, tisa kati ya hizo mfululizo kuanzia 1990 hadi 1998, jina lake limefungamana na umbo moja la pata, Aviar, hata ipo Aviar inayotengenezwa ikiwa na herufi za jina lake. Umbo hilo limekuwapo tangu miaka ya 1980 na bado linauzwa. Halina kitu cha ajabu. Linakwenda moja kwa moja, linainama kidogo mwishoni, basi.

Sasa, kama si hisia, ni nini? Kuna maswali ambayo majibu yake yanaweza kuonekana kwa macho, uwanjani, na mtu mwingine akayathibitisha.

La kwanza na kubwa ni unavyotupa. Wapo wanaosukuma: mkono unatoka chini karibu na goti, diski inapanda polepole, haizunguki sana, kisha inashuka juu ya kikapu. Wapo wanaozungusha: kifundo cha mkono kinafanya kazi, diski inatoka kifuani au kiunoni kwa kasi, imelala, ikizunguka sana. Mitupo hii miwili inadai diski tofauti, na sababu zake si za siri. Mzunguko ndio unaoizuia diski isiyumbe. Anayesukuma hana mzunguko mwingi, kwa hiyo diski yake huanza kuangukia upande wa kushoto mapema (nasema juu ya mtu wa mkono wa kulia anayetupa kwa nje ya mkono). Akichukua pata kaidi, ile inayolazimisha kuangukia kushoto, atakuwa anapigana nayo kila mara, akilenga nje ya nguzo kulia na kuombea irudi. Anamfaa umbo linaloelea na kwenda wima. Anayezungusha hana shida hiyo. Shida yake ni upande wa pili. Diski yake inakwenda kwa kasi, na umbo lisilo na ukaidi linaweza kugeukia kulia. Yeye ukaidi kidogo unamsaidia. Hakuna kiganja duniani kinachoweza kukuambia hili ukiwa umesimama kwenye zulia la duka.

La pili ni upepo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mitupo mingi inapopotelea. Upepo wa usoni unaifanya diski ione hewa inayopita kwa kasi zaidi kuliko ulivyoitupa. Diski isiyo na ukaidi itageuka kulia, na pua ikiwa imeinuliwa hata kidogo, upepo utaingia chini yake, utaibeba juu ya minyororo na kuitupa mita kadhaa nyuma. Upepo wa mgongoni ni kinyume: diski inakosa hewa ya kuibeba, inazama, inagonga ukingo wa kikapu ambao uko kama sentimita 82 kutoka ardhini. Umeshawahi kuusikia mlio ule, chuma kikavu bila minyororo. Pata zinatofautiana sana katika mambo haya mawili, na kuna njia moja tu ya kujua: simama mita nane kutoka kikapuni siku yenye upepo, tupa ukiukabili, kisha zunguka upande wa pili utupe ukiwa nao mgongoni. Mchezaji mwenzako akusimamie pembeni atazame diski inakoangukia. Kuna kozi nyingi zenye wakongwe wanaoweza kukuazima pata mbili tatu za maumbo tofauti kwa jioni moja, na jioni hiyo ina thamani kuliko mwezi wa kubonyezabonyeza plastiki.

La tatu linasahaulika: inapokosa, inakwenda wapi? Hata wachezaji bora duniani hukosa wakiwa ndani ya duara la mita kumi, lile ambalo sheria inakutaka uonyeshe umetulia nyuma ya alama yako kabla ya kusogea mbele. Kukosa ni sehemu ya hesabu. Pata inayoangukia chini ya kikapu imekugharimu mtupo mmoja. Pata inayoelea ikapita mita saba mbele imekuachia mtihani wa pili mgumu karibu sawa na wa kwanza, na kama kuna mteremko nyuma ya kikapu, Mungu akusaidie. Mwenye kozi ya milima achague umbo lisiloelea sana hata kama mkono wake unalipenda lile jingine. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona wachezaji wazuri wakipoteza mashindano kwa mtupo wa kurudi, wala si kwa ule wa kwanza.

Na je, utaitupa kutoka mbali? Wengi huiona pata kama kitu cha karibu tu. Mwaka 2021, Ogden, jimbo la Utah, James Conrad alifika njia ya mwisho ya ubingwa wa dunia akiwa nyuma ya McBeth kwa mtupo mmoja. Alikuwa takriban mita 75 kutoka kikapuni, na bila kuiingiza kutoka pale mambo yalikuwa yamekwisha. Aliiingiza. Kisha akashinda mchujo wa ziada. Diski aliyotupa ilikuwa Envy ya Axiom, nayo ni pata. Aliijua itainama wapi na itatua wapi na ujuzi huo ni wa mruko. Diski inayotupwa kutoka mbali, hata hivyo, hugonga miti, na ukingo uliogonga miti unapoteza ukaidi wake. Kwa hiyo anayetupa pata awe na moja ya kutupia na nyingine za kumalizia, za umbo lile lile.

Kuhusu dai kwamba pata laini sana "hung'ang'ania minyororo", nitasema kidogo tu. Plastiki laini humeza sehemu ya pigo, ni kweli. Lakini diski iliyogonga minyororo ya kushoto kabisa ikienda kasi itatoka, iwe laini au ngumu, na ile inayokunjika mkononi hutetereka inapoachiwa kwa nguvu. Chagua ulaini kwa ajili ya baridi na mvua kama unaishi Minnesota au Ufini. Usiuchague ukitarajia minyororo ikusamehe.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Wanasema umaliziaji ni imani: ukisimama mbele ya kikapu ukiwa na shaka na diski yako, umeshakosa kabla hujatupa, na kwa hiyo diski unayoipenda, hata kwa sababu isiyo na msingi, ni bora kuliko ile bora usiyoipenda. Kuna ukweli ndani yake. Shaka huukaza mkono. Ila niulize, imani iliyotokana na kiganja dukani hudumu mpaka lini? Hudumu mpaka mitupo mitatu ikose mfululizo. Hapo haina pa kujishikilia, maana haikujengwa juu ya kitu kinachojulikana. Mchezaji anayejua kwamba pata yake, katika upepo huu, itasogea kulia kwa upana wa kiganja na kurudi, akikosa anajua alikosea nini. Atarekebisha na kutupa tena, na diski yake haitaingia mashakani.

Jambo moja la mkono nalikubali bila ubishi, ni kimo cha ukingo. Mtu mwenye vidole vifupi akipewa pata yenye ukingo wa kina kirefu hatafunga ngumi sawasawa, na ule ukanda wa chini unaweza kumkwama kidoleni anapoachia. Mtoto na mtu mzima hawana mkono mmoja. Lakini hicho ni kipimo, kama saizi ya kiatu. Unaweza kukiona na kukijaribu, na kikishapatikana hakibadiliki kwa sababu mvua imenyesha. Anayekiita hisia anakiondoa mahali pa mambo ya kujadiliwa na kukiweka mahali pa mambo ya kuaminiwa, ambako biashara ya pata mpya kila baada ya miezi michache hustawi vizuri.

Na fedha si jambo dogo. Pata ya plastiki ya kawaida Marekani huuzwa dola 10 hadi 15; ya plastiki ya bei ya juu hukaribia 20 au kupita. Kwa bei ya pata mbili za kung'aa, mgeni angepata tatu zinazofanana za plastiki ya kawaida. Tatu hizo angezibeba hadi bustanini jioni, akazitupa kutoka mita tano, akazifuata, akazitupa tena, na kila mtupo ungekuwa na maana kwa kuwa kitu pekee kilichobadilika ni yeye mwenyewe. Mwenye pata tatu za maumbo matatu akikosa hajui kama ni mkono au ni diski. Anafanya mazoezi ya kutojua.

Kubadilisha kuna wakati wake. Aliyeacha kusukuma akaanza kuzungusha ana sababu. Aliyehama kutoka kozi ya msituni iliyotulia kwenda tambarare za Kansas, ambako upepo haulali, anayo pia. Kampuni ikiacha kutengeneza umbo lako huna la kufanya, na ndiyo maana ni afadhali kuanza na umbo lililokwisha kaa sokoni kwa miaka kuliko lililotoka mwezi uliopita. Zaidi ya hapo, kabla ya kuilaumu pata, pitisha kidole kwenye ukingo wake ukiuzungusha polepole. Ukikuta pengo lililochanwa na mti au upande uliopinda, hiyo ihamishie kwenye kazi ya kutupia kutoka mbali, utoe ile ya pili uliyoiweka kabatini. Ukikuta ukingo uko mzima, rudi mita tano kutoka kikapuni na umwombe mwenzako akutazame mkono unavyoachia.